Nani aliona kama basi ilitembea 80?

Wengi wenu munaijua ile gari. Kama si yenyewe, ni dada yake. Ni Mercedes ya pua, lori ya miaka ya 1970, iliyobeba simenti na mifuko ya unga mbele ya kubeba sisi. Mwenye kuikodisha kwa kompani alikata karoseri, akachomelea mabati, akatoboa madirisha, akapanga mabenchi, na leo inaitwa basi ya wafanyakazi. Motere si ile iliyozaliwa nayo. Bwati ya vitesi ilitoka kwa lori ingine. Pine za nyuma ni kubwa kupita zile za kwanza. Hayo hatuyalalamikii. Kwetu gari inazeeka kwa kubadilisha viungo, na mafundi wa Likasi wanajua kufufua chuma. Lakini kitu kimoja hakuna aliyejisumbua kukifufua: kompteri. Tunapanda ile basi mwaka wa sita, na hatukuwa tumeona ule mushale ukitoka kwa zero.

Tulikuwa tunachekelea. "Gari yetu haitembeake," tulisema, "ni barabara ndiyo inapita chini yake."

Kicheko kiliisha asubuhi moja ya mvua, kwenye kona moja mbaya, basi ilipotoka njiani na kukaa ndani ya mufereji. Hakuna aliyekufa, Mungu asifiwe. Kamarade mmoja alivunjika mufupa wa bega, wengine walitoka na vidonda vya mabati. Juma lililofuata shofele akaitwa. Mizapie ya siku tatu, ndiyo kusema kukaa nyumbani pasipo mushahara. Kwenye karatasi waliandika sababu: vitesi ya kupita kipimo, kilomita 80 kwa saa.

Sisi wadelege wa sindika tulikaa naye mbele ya ile meza. Tuliuliza swali moja tu: nani aliona 80? Polisi hakuwa pale. Kompteri ilikufa zamani. Mukubwa mmoja akajibu: "Ilikuwa inaonekana." Shofele naye akaapa: "Miye naendaka paka 60, kila siku, bwana delege." Huyu 80, yule 60, na wote wawili hawakupima kitu. Mwenye kalamu akashinda. Na mukumbuke kwamba ajali ya njiani kwenda kazini inahesabiwa ajali ya kazi. Kile wanachoandika kwenye karatasi kama sababu si maneno ya bure. Kinafuata mutu na jamaa yake muda murefu.

Tuseme na ukweli wetu. Miaka yote ile tuliandika barua juu ya viatu, juu ya kofia, juu ya mukate wa ekipe ya usiku. Juu ya kompteri, hata siku moja. Tulifikiri ni pambo la gari.

Kwa nini ilikufa? Kompteri ya zamani haihitaji umeme wa batri kwa kazi yake. Ndani ya bwati ya vitesi kuna jino dogo linalozungusha waya wa chuma, waya unapanda ndani ya ganda lake mupaka kwenye tabulo, pale unazungusha sumaku ndani ya kikombe cha aluminiamu. Sumaku inavuta kikombe, resori ndogo inakirudisha, na mushale unasimama pale nguvu hizo mbili zinapolingana. Ni kazi ya akili kweli. Lakini kila kitu kilipimwa kwa bwati ile na kwa pine zile. Wakibadilisha bwati, lile jino linakosa mwenzake, waya unaning'inia chini kama kamba ya mbuzi aliyekimbia. Na hata ukibahatika kuufunga, pine zinakudanganya. Pine ya kwanza ikizunguka mara moja inakupeleka karibu mita 3. Weka pine inayokupeleka mita 3 na sentimita 30, kompteri itasema 60 na wewe uko 66. Haina kosa: inahesabu mizunguko, haijui njia.

Tulimwendea mwenye gari. Akatuambia: "Munataka kompteri? Munue." Basi tulinunua. Tulitoa ndani ya kasha la sindika, tukanunua kompteri ya umeme, na bei yake haikufika bei ya pine moja mupya ya ile lori. Tunaandika hapa ili isisahauliwe: zile feza zinapaswa kurudi. Usalama wa gari si muchango wa wapandaji.

Fundi mmoja wa Kikula alituonyesha njia mbili. Iko ile inayosoma vitesi kwa satelite, sawa telefone inavyofanya. Haijali bwati wala pine, lakini asubuhi inakawia kupata mbingu, na chini ya paa au pembeni ya ukuta wa kariere inaweza kupotea. Iko ingine yenye jicho dogo linalohisi sumaku. Alichagua hii ya pili. Alifunga sumaku mbili juu ya kardani, moja kila upande ili isitikisike, akaweka jicho karibu nazo bila kuzigusa. Kila sumaku inapopita, jicho linatuma alama moja, na kompteri inahesabu.

Mbele ya yote alipima batri. Gari ingine ni volti 12, ingine 24, na kompteri ya 12 ukiipa 24 inaungua siku ileile. Mutu asisahau hapo.

Mara ya kwanza ilituaibisha. Basi imesimama, motere inanguruma, na kompteri inaandika 40! Wale wasiotaka ile kazi walicheka sana. Fundi akaona kosa lake: alipitisha waya wa jicho bega kwa bega na waya wa alternatere, na ule umeme ulikuwa unaingia kama kelele. Akauhamisha upande mwingine, akakwangua rangi ya shasi mupaka chuma cheupe kwa kufunga masi. Mushale ukarudi zero, ukatulia.

Kisha kuifundisha. Kompteri mupya haijui pine yako ni kubwa namna gani, lazima uiambie. Ile yetu unaifinya buto mwanzoni mwa kilomita moja, unatembea, unaifinya tena mwishoni, basi imejua ni alama ngapi ndani ya kilomita. Siku ya Mungu, kisha ibada, tulipima njia na metre ya kamba ya mita 50, mara 20, watoto wakiweka mawe. Kisha tuliikagua kwa saa ya mukono: kilomita moja ndani ya sekunde 60 ni vitesi ya 60. Ndani ya sekunde 45, ni 80. Hii hesabu muishike nyumbani. Mama aliye ndani ya teksi au ndani ya basi ya Kolwezi anaweza kuifanya kwa telefone yake, pasipo kuomba ruhusa kwa mutu, kama tu vibao vya kilomita viko njiani.

Siku ya kazi tulikaa nyuma ya shofele, yule yule aliyeapa. Yeye mwenyewe hakutazama chini, alitembea namna yake ya kila siku. Mushale ulipanda 70, ukapita. Ukafika 78. Tulimugusa bega. Akatazama, akanyamaza, akatoa muguu. Hakuwa mwongo. Kwa motere ile yenye kelele, kwa miaka ile yote, masikio yake yalizoea kuita 78 jina la 60.

Wako watu watakaosema: munaona, kompani ilikuwa na haki. Mungoje kidogo.

Shofele alipoanza kushika 60 kweli, tulichelewa pwantaje. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mutu alikatwa. Ndugu zetu wakageuka juu yetu: "Ninyi na kompteri yenu munatukula mushahara." Walikuwa na haki ya kukasirika, na sisi tulilala vibaya usiku ule. Ndipo tulichukua karatasi, tukafanya hesabu ambayo tulipaswa kuifanya tangu mwanzo.

Basi inatoka 5h20. Pwantaje ni 6h00. Ni dakika 40. Njia ni kilomita 38. Inasimama mara 9 kuokota watu, na tuseme dakika moja kila pahali, ni dakika 9. Zinabaki 31. Kilomita 38 ndani ya dakika 31 ni zaidi ya 73 kwa saa, na hiyo ni wastani: pamoja na kona, pamoja na mashimo, pamoja na mbuzi, pamoja na mupando ambako ile Mercedes haifikake hata 40. Kwa kupata wastani wa 73 lazima mahali pengine upige 80 na kupita. Kibao cha kompani kule mulangoni kinasema basi za wafanyakazi zisipite 60. Karatasi ya ratiba, yenye muhuri wa kompani hiyohiyo, inasema 80. Shofele alitii karatasi moja, akaazibiwa kwa karatasi ya pili.

Mushale uliokufa ulikuwa unaficha hilo. Wakati hakuna kipimo, kosa ni la muguu wa shofele. Kipimo kikiwa hai, kosa linapanda ngazi mupaka ofisini. Tunafikiri ndiyo maana hakuna aliyekuwa na haraka ya kuitengeneza, hata kama hatusemi walikaa chini wakapanga.

Mashofele wenyewe waliogopa. Walisema ni jasusi tunamupandisha ndani ya gari yao. Tunaelewa ile woga, maana viko vyombo vinavyoandika kila kitu na kupelekea bakubwa. Hii yetu haiandiki, inaonyesha tu. Lakini hata siku ile watakapoleta zile zinazoandika, tutaomba kitu kimoja: delege wa sindika asome pamoja nao, na ratiba iwe juu ya meza pembeni yake.

Tulipeleka mambo haya kwenye komite ya usalama na usafi ya kompani. Tumeomba mambo matatu: basi itoke 5h00 ao pwantaje ivutwe kwa dakika 20, ile mizapie ifutwe na siku tatu zilipwe, na mwenye kukodisha aweke kompteri nzima kwa gari zake zote mbele ya mukataba mupya. Kutoka 5h00 maana yake wamama wataamuka mapema zaidi kuchemusha chai, tunajua, na wengine wametuambia hivyo kwa sauti. Kwa hiyo tunapenda zaidi pwantaje ivutwe.

Barua imefika direksio tangu siku ya kwanza ya juma lililopita, na kopi yenye sahihi ya kupokea iko kwetu. Leo asubuhi basi ilitoka tena 5h20. Mushale ulishika 60, na tulifika na dakika 14 za kuchelewa.