Kujaza mapengo ya Kiingereza: Kiswahili kina kosa gani?

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa huu niseme jambo ambalo limenikaa rohoni tangu mwaka jana.

Kila Alkhamisi jioni baadhi yetu tunakutana kufanya mazoezi ya maneno magumu ya Kiingereza, yale ya kukamilisha sentensi. Mmoja anajitayarisha kwa GRE, mwengine kwa IELTS, na wapo waliokuja kwa sababu masomo yao hapa Muscat ni ya Kiingereza na wamechoka kubahatisha wanachosoma. Ni jambo zuri sana. Lakini mlangoni pa chumba kile pana karatasi: atakayesema Kiswahili atatoa baisa 100. Sheria hii tuliipitisha wenyewe, na mimi nilikuwa wa mwanzo kunyoosha mkono. Leo nataka kuushusha.

Kwa ambao hawajaionja GRE, swali lenyewe liko hivi. Unapewa kifungu cha sentensi moja hadi tano, maneno muhimu yameondolewa, nawe uchague ya kurudisha. Pengo likiwa moja unapewa maneno 5. Yakiwa mawili au matatu, kila pengo lina maneno yake 3, na ukikosea pengo moja umekosa swali zima. Lipo na swali jengine la maneno 6, utoe mawili yatakayoiacha sentensi na maana ile ile. Katika IELTS nako kuna kukamilisha sentensi kwa maneno uliyoyasoma au uliyoyasikia. SAT iliyaondoa maswali yake ya aina hii mwaka 2016, na sasa katika mtihani wake wa kompyuta mapengo yamerudi kwa sura nyengine. Kwa hivyo hatuna pa kukimbilia, pengo litatufuata tu.

Mimi nilijitayarisha kama wengi wetu tunavyojitayarisha. Nilipata orodha ya maneno 1,000, nikayaandika kwenye vikadi, Kiingereza mbele na maana nyuma. Miezi minne nilikwenda nayo kila mahali. Nilikuwa natembea ufukweni Muttrah huku midomo inacheza kama mtu anayesoma uradi. Ukinipiga neno, nakupa maana kabla hujamaliza kulitamka. Nikaingia kwenye mtihani kifua mbele, nikatoka na 143. Chuo nilichokitaka kilikuwa kinahitaji 150. Ufadhili wa mwaka ule ukanipita hivi hivi, nikaambiwa nijaribu tena.

Wiki ile nilikwenda Seeb kwa bibi yangu, mdogo wake bibi mzaa mama. Yeye ni katika wale waliotoka Unguja wakaja huku baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos alipowaita watu warudi. Kiingereza hajui hata salamu. Akaniona nimenuna, akauliza kulikoni, na kwa hasira nikamsomea moja ya sentensi nilizokosa katika mazoezi, nikiigeuza kwa Kiswahili: Ingawa ndugu zake walikuwa wasemaji wasiokwisha, yeye alikuwa nani hii, hata wageni wakadhani hapendi watu.

Bibi hakungoja hata niseme maneno ya kuchagua. "Mkimya," akasema. "Hilo nalo ndilo swali la kukupeleka Marekani?"

Mimi nilikuwa nimechagua "loquacious", yaani msemaji sana, na jibu lilikuwa "taciturn". Yote mawili nilikuwa nayo kwenye vikadi na maana zake nazijua. Kumbe nilikosea kwa sababu nyengine, na bibi aliiona palepale. "Mwanangu, wewe hukusikiliza. Umesikia wasemaji, ukawakimbilia wasemaji. Hiyo ingawa umeipita kama hukuiona."

Jamani, niliona haya! Miezi minne ya vikadi, na mtu asiyejua Kiingereza ananishinda katika mtihani wa Kiingereza. Lakini tukifikiri vizuri, hapana cha ajabu. Bibi kakulia katika kukamilisha sentensi. Ukisema "haraka haraka", atakujibu "haina baraka". Ukisema "mwenda tezi na omo", atakumalizia "marejeo ni ngamani". Na hapo nataka tusimame kidogo. Ni wangapi kati yetu tumewahi kufanya kazi chomboni? Lakini tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele yake, na ngama ni kule chini maji yanakotuama, na wengi wetu tumeyajua maneno haya kwa kumalizia methali. Hakuna aliyetupa orodha. Tulipewa sentensi yenye pengo, tukalijaza mpaka likazoea midomo.

Na siyo methali peke yake. Waliosoma Tanzania na Zanzibar wanakumbuka "jaza nafasi zilizoachwa wazi" tangu darasa la kwanza. Ndugu zetu wa Kenya waliofanya KCPE, mtihani ambao wa mwisho ulikuwa 2023, walianza na vifungu vyenye mapengo, katika karatasi ya Kiingereza na katika karatasi ya Kiswahili pia. Kwa hiyo zoezi hili si geni kwetu hata kidogo. Tulipofika huku tukajifanya kama limeshuka na ndege.

Kuna kosa jengine nililifanya ambalo litawafaa khasa walioko hapa Muscat. Sentensi ilitaka neno la kusema kwamba kipaji fulani hakionekani mara mbili. Nikaona "nadir" katika maneno ya kuchagua, nikalirukia. Kwani si kila siku tunasikia Waarabu wakisema "nadir" kwa kitu adimu? Na sisi si tuna "nadra"? Basi "nadir" ya Kiingereza nayo imetoka kwenye Kiarabu, lakini kwenye neno jengine lenye maana ya mkabala, lililotumiwa na wanajimu, na leo maana yake ni upeo wa chini kabisa. Juu ya hayo, lile ni jina, na pengo lilitaka sifa. Lau ningesema kwanza kwa Kiswahili "kipaji chake kilikuwa adimu", halafu nikajaribu kulirudisha neno nililochagua mahali pake, ningesikia kuwa halikai.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Kukamilisha sentensi kunapima mambo mawili: kwanza, umeelewa sentensi inataka nini? Pili, unalijua neno linalotakiwa? Vikadi vinakufundisha la pili tu. La kwanza unalifanya vizuri zaidi katika lugha unayofikiria, na kwa wengi wetu lugha hiyo ni Kiswahili. Tunapotozana faini tunamfungia mtu mlango wa kwanza, halafu tunamlaumu kwa kutoufikia wa pili.

Nawaomba pia mkumbuke zoezi hili lilikotoka. Mwaka 1953 Mmarekani Wilson Taylor alieleza njia ya kuondoa maneno katika maandishi kwa mpango maalumu na kumwachia msomaji ayarudishe. Alitaka kujua kama maandishi yenyewe yanasomeka. Mapengo yakishindikana, wa kutazamwa kwanza alikuwa mwandishi! Kwetu mambo yaligeuka. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wa Tanzania kwa mitihani ya mapengo ya namna hiyo. Wakaona kwamba kama asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne ndio waliofikia kiwango ambacho masomo kwa Kiingereza yangeweza kuanza. Yangeweza kuanza, nao wako mwaka wa nne! Miaka miwili kabla yake, Tume ya Makweta ilikuwa imependekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, serikali haikulifuata pendekezo hilo. Sisi ni watoto na wajukuu wa madarasa yale. Mwalimu akieleza kwa Kiswahili alikuwa kama anaiba, na mwanafunzi akiuliza kwa Kiswahili anachapwa au anavishwa kibao. Leo tumevuka bahari, hatuna mwalimu wa kutuchapa, tumeamua kujichapa wenyewe kwa baisa 100.

Najua kuna watakaosema: bwana wee, mtihanini hakuna muda wa kutafsiri. Ni kweli. GRE ya sasa, tangu ilipofupishwa Septemba 2023, ina maswali 27 ya lugha kwa dakika 41, yaani dakika moja na nusu kila swali. Lakini mimi sisemi tutafsiri mtihani. Nasema katika mazoezi tujizoeshe kuuliza "hapa panataka nini?" na kujibu kwa neno letu, mpaka liwe jambo la nafsi lisilochukua muda. Wengine watasema yapo maneno ya Kiingereza yasiyo na neno moja la Kiswahili. Hilo nalo ni kweli, basi tumia maneno matatu, hakuna atakayekuhesabia. Na wala sisemi vikadi vitupwe. Neno usilolijua hulijui tu, hata bibi yangu hangekusaidia kuchagua "taciturn".

Nilivyofanya mimi mara ya pili ni hivi. Nilifunika maneno ya kuchagua kwa karatasi. Nikatafuta kwanza bawaba ya sentensi: ingawa, licha ya, kwa hiyo, si hivi bali vile. Nikasema neno langu kwa Kiswahili, kwa sauti. Ndipo nikafunua, nikachagua, nikairudia sentensi nzima nisikie kama neno limekaa. Na kila neno jipya nililiandikia sentensi tatu zangu mwenyewe, za maisha ya hapa: joto la Julai, foleni ya basi Ruwi, mwenzangu wa chumbani asiyeosha sufuria. Nikaacha pengo, nikampa mwenzangu ajaze. Kama hakuweza, nilijua sentensi yangu haikutoa dalili ya kutosha, nami sijalielewa neno vizuri. Mara ya pili nilipata 153. Sio alama za kujivunia sana, lakini mlango ulifunguka.

Nilipata na faida ambayo sikuitarajia. Kiingereza kilinilazimisha kukichimba Kiswahili changu. Msemaji, mpayukaji na mropokaji si mtu mmoja, kama ilivyo kwamba mkimya na mpole si mtu mmoja. Zamani nilikuwa nawachanganya wote.

Kwa hiyo napendekeza katika mkutano ujao: karatasi ile ibanduliwe mlangoni. Badala ya faini, kila anayehudhuria aje na sentensi mbili zenye mapengo alizozitunga mwenyewe, na aweze kueleza kwa Kiswahili, au kwa lugha yoyote anayoifikiria, kwa nini pengo linataka neno lile na si jirani yake. Fedha za faini zilizokwishakusanywa, ambazo nyingi nimezitoa mimi, zinunuliwe kahawa na mandazi ya Alkhamisi ya kwanza. Bibi amesema yuko tayari kuja, ila na yeye atatutahini kwa methali, na anayeshindwa kumalizia asitegemee andazi.

Naomba kuwasilisha.