CT-Scan pekee haitaufichua moshi wa jikoni Mshangano

SERIKALI ilipopata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) mwaka 2021 kukabiliana na Uviko-19, sehemu yake ilielekezwa katika ununuzi wa mashine za CT-Scan kwa hospitali za rufaa za mikoa. Kwa mkazi wa Mshangano, kata iliyomo katika Manispaa ya Songea, swali ni hili: je, picha hizo zaweza kubashiri nani atadhurika mapafu kabla hajaanza kuhema kwa shida?

Utafiti wa MESA wa nchini Marekani unajibu kuwa inawezekana. Kompyuta hukokotoa asilimia ya pafu iliyogeuka kuwa hewa tupu, dalili ya emfisema, yaani kuharibika kwa vifuko vya hewa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yalihusu watu 2,965 ambao kipimo cha pumzi hakikuonyesha kasoro. Wenye asilimia kubwa walikuwa katika hatari zaidi ya kufariki dunia, na uhusiano huo ulijitokeza zaidi kwa wavuta sigara.

Hapo ndipo penye tatizo. Moshi unaovutwa na mama wa Mshangano hautoki kwenye sigara, bali kwenye mafiga. Uchunguzi wa wanawake wa Mexico, uliochapishwa pia mwaka 2014, ulibaini kuwa walioumizwa na moshi wa kuni walikuwa na emfisema kidogo kuliko wavuta sigara, ilhali njia zao za hewa zilikuwa zimeathirika zaidi na hewa kunasa ndani. Kwa maneno mengine, asilimia ndogo ya emfisema yaweza kumpa mgonjwa cheti cha uzima asichostahili.

Nao ugonjwa upo. Huko Mlimba, mkoani Morogoro, watafiti waliwapima watu wazima 869 na kutangaza mwaka 2018 kwamba asilimia 17.5 walikuwa na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Kifaa kilichotumika ni spirometa, ambayo mtu hupuliza tu, na bei yake haikaribii hata kidogo ile ya CT-Scan.

Kwa mtazamo wa mwandishi huyu, spirometa ndiyo ingetangulia katika zahanati na vituo vya afya, CT-Scan ikabaki kwa wanaotiliwa shaka, hususan waliowahi kuugua kifua kikuu, ambacho huacha makovu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Waliokwisha kupikia kuni kwa miaka 30 watahitaji kupimwa kabla ya hapo.