Kipimo cha ubongo kisibague nywele

KATIKA utafiti wa kujifunza kuutawala ubongo, mtu hubandikwa vinasa-mawimbi kichwani, akaona kwenye kompyuta jinsi ubongo wake unavyofanya kazi papo hapo, kisha akajaribu kuubadilisha. Kipimo hichohicho, EEG, ndicho huwasaidia madaktari kutambua kifafa.

Hata hivyo, umeme wa ubongo ni hafifu mno. Hupimwa kwa sehemu za milioni za volti. Kupepesa macho tu hutoa ishara kubwa zaidi. Kinasa kisipogusa ngozi ya kichwa barabara, mtu atafunzwa na kelele, wala si na ubongo wake.

Hapo ndipo suala hili linapomhusu mtoto wa Magunga, Suba Kusini. Ukanda wa Ziwa Victoria ndio unaoongoza kwa malaria nchini, na malaria inayopanda ubongoni huweza kumwachia mtoto kifafa. Lakini vinasa vingi vilibuniwa kwa nywele laini zilizonyooka. Juu ya nywele za kipilipili huelea, na wakati mwingine vipimo vya wenye nywele hizo huachwa nje ya hesabu.

Dawa ipo. Mwaka 2020, Arnelle Etienne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walionyesha kwamba nywele zikisukwa mistari na vinasa vikabanwa katikati yake, mawimbi husomeka vyema zaidi.

Asiyekujua hakuthamini. Kabla ya kununua mashine, serikali za kaunti ziulize: ilijaribiwa kwenye vichwa vya nani?