KODI IMFUATAYO MTUMISHI HATA RIYADH



Katika mkutano wa tawi uliopita ndugu mmoja alisimama akasema ya kwamba wenzetu waliokwenda Uarabuni wanakula raha, kwa sababu sisi hukatwa kodi kabla hatujauona mshahara, na wao hawakatwi hata senti. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, nami nataka kueleza sababu yake hapa, maana siku ile mwenyekiti alinipa dakika mbili na dakika mbili hazikutosha.

Dada yangu mdogo yuko Riyadh, anatumika nyumbani mwa watu, kupika na kufua na kulea watoto. Mwaka jana baba yetu alifariki, naye akapata ruhusa ya siku kumi na mbili kuja kuzika. Baada ya mazishi alikwenda ofisi moja kuuliza habari za kodi yake, kwa kuwa ana namba ya kodi tangu zamani alipokuwa akiuza katika duka mjini, na aliogopa faini. Karani akamwambia, "Andika sifuri, dada, wewe huna mapato hapa Kenya." Siku ya tatu akarudi na karatasi zake, akamkuta karani mwingine kwenye meza ile ile. Huyu akasema mshahara wote wa Riyadh sharti uandikwe. Meza moja, majibu mawili. Dada yangu akapanda ndege bila kuandika neno lolote.

Mimi nilisoma shule ya misheni nikaishia darasa la nane, wala si mwanasheria. Lakini kusoma najua, basi nikaitafuta sheria yenyewe, ile ya kodi ya mapato ya mwaka 1973, nikaomba kijana wa ofisini anisaidie pale palipokuwa pagumu.

Ziko nchi ambazo kodi yake humfuata raia kokote aendako. Mmarekani hata akihamia mwezini hudaiwa na serikali yake. Mwaka 1924 mahakama kuu ya kwao ilimwamuru hivyo Bwana Cook, aliyekuwa akikaa Mexico na mali yake iko Mexico. Eritrea nayo hudai sehemu mbili katika mia kutoka kwa watu wake walio ng'ambo. Sheria yetu haitazami pasipoti. Inauliza kama mtu ni mkaaji wa Kenya. Ukiwa mkaaji, mshahara wako wa kazi wahesabiwa wote, ukiwa umeupata Nakuru au umeupata Doha.

Na mkaaji ni nani? Hapo ndipo penye mtego. Asiye na nyumba ya kudumu hapa huhesabiwa siku zake: akikaa Kenya siku 183 au zaidi katika mwaka ni mkaaji, au akija mwaka huu na miwili iliyotangulia, kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kila mwaka. Hiyo ni hesabu, kila mtu aweza kuifanya kwa vidole. Lakini mwenye nyumba ya kudumu Kenya hahesabiwi siku. Sheria yasema akiwapo nchini kwa muda wowote katika mwaka ule, yatosha. Muda wowote, ndugu zangu! Siku kumi na mbili za matanga zatosha. Hata siku moja.

Dada yangu ana chumba kwa mama, na ana kiwanja chenye msingi wa mawe usiofika dirishani. Je, hiyo ndiyo nyumba ya kudumu? Karani wa kwanza alisema hapana, wa pili alisema ndiyo, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza habari ya nyumba. Babu zetu walitozwa kodi ya kibanda tangu 1901, na mzungu alihesabu vibanda kijijini ili vijana watoke kwenda kutafuta kazi ya mshahara. Wengi walikuja kwenye reli kwa sababu hiyo. Sasa kijana ametoka, amevuka na bahari, na bado ni kibanda kile kile kinachomshika mguu.

Tufanye hesabu. Mtumishi wa riyali 900 kwa mwezi apata kama shilingi 31,000 za kwetu. Kwa viwango vilivyowekwa, shilingi 24,000 za kwanza hutozwa kumi katika mia, na zinazofuata ishirini na tano katika mia. Toa nafuu ya shilingi 2,400, na kinachobaki ni kama shilingi 1,750 kila mwezi, yaani 21,000 kwa mwaka. Kwa mtu aliyesafiri kwa deni la ajenti, hiyo ni karo ya mtoto.

Mkenya aliye London, akiwa amekatwa kodi kule, sheria yetu humruhusu kuipunguza katika ile anayodaiwa hapa. Ni haki. Lakini Saudia haitozi kodi ya mshahara, basi mtumishi wa Riyadh hana cha kupunguza. Na hata Marekani, inayowafuata watu wake kwa ukali, iliwaachia wale wanaotimiza masharti yake mshahara wa kufika dola 126,500 kwa mwaka 2024 bila kutozwa. Dada yangu hana nafuu yoyote ila ile ile tunayopewa sisi tulio hapa karakanani.

Ndugu yule atajibu, "Basi nasi tunalipa kiasi hicho hicho." Kweli, twalipa. Lakini sisi hukatwa na mwajiri, hatuandiki sifuri wala hatukisii. Dada yangu mwajiri wake hajui habari za Nairobi. Yeye mwenyewe yampasa kujua sheria, kubadili riyali, kujaza fomu kabla ya mwisho wa Juni kwa simu aliyoachiwa saa moja usiku, na akikosea faini ya kutopeleka fomu haipungui shilingi 2,000. Na msisahau hao tunaowaonea wivu: mwaka 2024 Wakenya walio nje walileta kama dola milioni 4,945. Fedha hizo zikinunua saruji hutozwa kodi dukani kama zetu.

Sisemi sheria ifutwe. Yuko meneja mwenye jumba Nairobi, mke na watoto wamo humo, naye hupokea mshahara wa Dubai na kurudi kila mwezi. Huyo ni mkaaji na alipe, tena ana mhasibu wa kumwongoza. Makosa ni kumpima mtumishi kwa kipimo cha meneja. Kwa mtu wa mshahara mdogo aliyeajiriwa nje kwa mkataba, na zihesabiwe siku 183, kama anavyohesabiwa asiye na nyumba, na matanga na likizo zisimgeuze mkaaji.

Hilo ndilo naomba katibu wetu alipeleke juu, kwa maandishi. Na kabla ya hapo, ofisi ya chama itafute jibu moja lenye sahihi kutoka kwa wenye mamlaka, juu ya nyumba ya kudumu ni ipi, tulichape katika gazeti hili, na kila mwanachama mwenye ndugu Uarabuni ampelekee. Yule ndugu aliyepigiwa makofi naye nimemwomba tutie sahihi barua pamoja, maana nimepata kujua ya kwamba mkewe ameanza kutafuta pasipoti.

Dada yangu amenipigia simu juzi. Anauliza aandike nini, na mwisho wa Juni unakaribia.