Njozi Nayo Hutaka Kazi ya Mikono

Wako walimu, tena si haba, wanaoamini kwamba msanii anayechora yaliyomo nafsini mwake ameukimbia ulimwengu. Siku hizi wamepata hoja mpya: mwanafunzi huiandikia tarakilishi sentensi moja, nayo akili unde ikamtolea picha ya ajabu kabla chai yake haijapoa. Iwapo njozi hupatikana kwa wepesi huo, wauliza, ya nini kuisomea?

Naona wanachanganya njozi na picha yake. Wasanii wa Korea Kusini wanatusaidia kuzitenganisha.

JeeYoung Lee, aliyezaliwa mwaka wa 1983, ana mfululizo wa picha unaojulikana kwa Kiingereza kama "Stage of Mind", yaani jukwaa la nafsi. Mtazamaji akiziona kwa mara ya kwanza huapa kwamba ni ujanja wa tarakilishi. Sivyo. Msanii huyu alijifungia katika chumba kidogo jijini Seoul, akakata, akabandika, akashona na kupaka rangi kwa majuma, pengine kwa miezi, hadi chumba kizima kikageuka kuwa kile alichokiwaza. Kisha akaingia ndani mwenyewe, akapigwa picha, akabomoa kila kitu. Katika picha ya mwaka wa 2011 iitwayo "Resurrection", yaani ufufuko, yumo ndani ya ua kubwa la yungiyungi. Kwa Wakorea hilo ni jambo la nyumbani: ni kisa cha Shim Cheong, binti aliyejitoa kafara baharini ili babake kipofu apate kuona, kisha akarudi duniani ndani ya ua kama hilo. Kumbe njozi ya mtu mmoja imejengwa kwa hadithi waliyosimuliwa wengi.

Lugha yao yenyewe inaafiki. Neno "maeum" hubeba moyo na akili kwa pamoja, kama vile Mswahili asemavyo "alisema moyoni" ilhali anakusudia kwamba mtu aliwaza.

Wala huu si mtindo ulioletwa na meli kutoka Ulaya. Mwaka wa 1447 mwanamfalme Anpyeong aliota akizuru bonde la mipichi iliyochanua. (Babake, Mfalme Sejong, ndiye aliyetangaza alfabeti ya Kikorea mwaka uliotangulia, mwanaisimu hawezi kulipita jina hilo kimya.) Akamsimulia mchoraji An Gyeon, naye akaichora ndoto hiyo juu ya hariri kwa siku 3. Mchoro unaanzia kushoto, kwenye vilima vya kawaida vya dunia hii, ukaelekea kulia hadi kwenye bonde la ndoto, kinyume cha desturi ya michoro ya aina hiyo. Mtetezi wa mitambo atadai kwamba siku 3 nazo ni haraka. Ni kweli, lakini An Gyeon alikuwa mchoraji wa kasri, na mkono wake ulikwisha kuzoea milima. Mnamo 1453 mwanamfalme alilazimishwa kunywa sumu katika ugomvi wa kiti cha enzi. Bonde lake lingali linatazamwa.

Do Ho Suh naye alihamia Marekani mwaka wa 1991. Mwaka wa 1999 aliishona nyumba ya wazazi wake ya Seoul kwa hariri nyepesi, kwa vipimo vyake halisi, ili aweze kuikunja na kusafiri nayo sandukuni. Kila inapoonyeshwa katika mji mpya, jina la mji huo huongezwa kwenye jina la kazi. Nani atasema kwamba mtu huyu ameukimbia ulimwengu? Amepima kila mlango.

Mwalimu atakayeletewa picha ya njozi na mwanafunzi wake, iwe imetoka kwenye penseli au kwenye mtambo, asianze kwa kuuliza kama inapendeza. Amuulize alipima nini, alikata nini, na hadithi ya nani ilimjia alipokuwa akiitengeneza.