Jino la Utoto Lisirudishwe

Nyumba nyingi za Kamembe zimesimama mtelemkoni, na mtoto ajifunzaye kutembea huanguka kwenye ngazi ya mlangoni kabla mama hajageuka. Mdomo umejaa damu, jino li mchangani, na baba yuko lindoni. Juma hili twasema na yule aliyebaki nyumbani.

Mkalishe mtoto, mwinamishe kichwa mbele asimeze damu, ubane ufizi kwa kitambaa safi chenye maji baridi kwa muda wa dakika 10. Kisha litafute jino, lakini usilirudishe! Walitafuta ili ujue tu kwamba halikuvutwa pumzini. Likikosekana, naye akohoa au apumua kwa shida, mpeleke hospitali saa ileile. Meno ya utoto ni 20, na ndani ya mfupa, karibu na mzizi wa kila moja, jino la ukubwa linaumbwa. Ukilisukuma la kwanza waweza kuliumiza la pili, litoke limepinda au lina madoa. Lililozama ufizini nalo lisivutwe, maana mengi hushuka yenyewe baada ya miezi kadhaa. Mtoto apelekwe apimwe, Gihundwe au Mibilizi, kulikoko karibu.

Liko na jeraha lisilotokana na kuanguka. Kichanga akiwa na homa au akiharisha, baadhi ya wazee huona uvimbe mweupe ufizini, wakasema ni ibyinyo, wakauchokoa kwa kisu au spoku ya baiskeli. Jirani zetu wa Tanzania huyaita meno ya plastiki. Uvimbe ule ni chonge changa, nzima kabisa. Mtoto amekwisha kupungukiwa maji, sasa amwagwa na damu. Pepopunda huweza kumfuata, na chonge ya ukubwani huenda isiote kamwe. Bibi ni wa kuheshimiwa, lakini ajibiwe: mtoto anyonye, apewe maji ya ORS, twende kituo cha afya.

Kwa kaka yake wa miaka 8 mambo ni kinyume. Jino lake la ukubwa lishike kwa kichwa, si mzizi, lisuuze kidogo kwa maziwa, lirudishe shimoni mara moja, aume kitambaa. Ukishindwa, liweke katika maziwa, si maji, mfike kwa daktari wa meno kabla ya dakika 60. Yawe maziwa mabichi au ya dukani. Ikivuguto haifai, ina uchachu.