"Mikrobe Haiui Mwafrika": Neno la Kucheka Ambalo Linatuzika

Kuna neno moja ambalo kila mtu wa hapa Mushaki analijua. Mtoto anaokota kipande cha mkate kwenye matope, anakipanguza na kukila, na mkubwa anayemwona anacheka: "Mikrobe haiui Mwafrika." Mama muuza samaki sokoni anafukuza nzi kwa mkono, na mnunuzi anasema lile lile. Bidoni ya maji ya mtoni inakunywewa bila kuchemshwa, na neno linatoka tena.

Mimi napinga neno hilo. Mahali ambapo watu wamejaa na maji ni machafu, neno hilo ni uongo, na uongo huo unaua.

Ushahidi hatuutafuti mbali. Mwezi wa saba 1994, karibu wakimbizi milioni moja kutoka Rwanda waliingia Goma na kandokando yake kwa siku chache tu. Walikaa Kibumba, Katale, Mugunga, juu ya mawe ya volkano ambapo huwezi kuchimba choo wala kaburi. Kolera ikaingia, ikafuatwa na kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza peke yake walikufa watu karibu 50,000, wengi wao kwa kuhara. Walikuwa Waafrika wote. Wazee wa Goma na Sake waliona maiti zikipangwa kando ya barabara. Nani aende kuwaambia hao kwamba mikrobe haiui Mwafrika?

Na Mzungu naye haponi kwa sababu ya ngozi. Mwaka 1892 kolera ilishika Hamburg, muji mkubwa wa Ujerumani, ikaua watu zaidi ya 8,000. Muji jirani wa Altona, uliogusana na Hamburg nyumba kwa nyumba, uliponea karibu wote. Mito ilikuwa ileile moja: wote walikunywa maji ya mto Elbe. Tofauti ilikuwa kwamba Altona waliyachuja maji kwa mchanga kabla ya kuyatuma majumbani, na Hamburg hawakuyachuja. Mikrobe haikuuliza mtu ni wa kabila gani. Iliuliza unakunywa maji gani.

Wenye kutetea neno hili wana jibu moja, na tulisikilize: "Mimi nimekunywa maji hayo tangu utoto, na bado niko." Inawezekana kabisa. Wengi wanaomeza mikrobe ya kolera hawaugui. Lakini hata asiyeugua anaweza kuitoa kwenye choo chake kwa siku 1 hadi 10. Anatembea mzima, anaenda porini kujisaidia kwa sababu choo hakuna, mvua inanyesha, maji yanateremka mpaka kwenye chemchemi, na mtoto wa jirani anakunywa. Kwa hiyo wewe uliyepona si ushahidi kwamba mikrobe haiui. Pengine ni wewe uliyeibeba.

Na ikimshika mtu sawasawa, haina huruma. Ndani ya utumbo mikrobe ya kolera inatoa sumu inayofanya mwili umwage maji yake wote nje. Mgonjwa mwenye kolera kali anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Asubuhi yuko shambani, jioni macho yameingia ndani na ngozi imekunjamana, usiku anakufa.

Hapo ndipo uongo wa pili unaingia: karuho. Kwa sababu mtu amekufa haraka, tunasema amelogwa, amepewa sumu. Tunaanza kukumbuka nani alimpa chakula jana. Mgonjwa anapelekwa kwa mtapishaji, ambaye anamtapisha ili "kutoa sumu", wakati mwili wake unalilia maji. Mtu aliyebakiwa na saa chache anapotezewa saa hizo, na akifa, jirani asiye na kosa ananyooshewa kidole. Kati yetu kuna chuki ya kutosha. Tusiiongezee na wafu wa kolera.

Dawa ya kwanza ya ugonjwa huu ni rahisi kuliko mbuzi wa mganga. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijaa Bangaon upande wa India na kolera ikawamaliza. Daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutundika kwenye mshipa. Akachanganya sukari na chumvi kwenye maji safi, akawaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 vilishuka chini ya 4. Shika kipimo: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, si vya mlima. Mnyweshe mgonjwa kidogo kidogo huku mnamkimbiza kwenye kituo cha afya, kwa moto au kwa tipoyi. Mtoto anyonye, asikatazwe titi.

Sasa mtu asiseme kwamba nataka tuogope kila kitu. Mikrobe nyingine zinatulisha. Fromaji ya Masisi, inayopakiwa kwenda Goma mpaka Kinshasa, ni kazi ya mikrobe zinazogeuza sukari ya maziwa kuwa uchachu. Kasiksi haiwi kasiksi bila chachu. Muhogo mchungu unaolowekwa siku tatu, nne, unalainishwa na mikrobe, na sumu yake inatoka. Ukifupisha siku hizo kwa sababu ya njaa au kukimbia vita, sumu inabaki. Huko Bandundu watu wamepooza miguu kwa ugonjwa wa konzo kwa kula muhogo wa namna hiyo.

Bibi zetu hawakujua jina la mikrobe, lakini walijua siku za kuloweka, chungu cha kuosha na maziwa ya kutupa. Hawakufanya kazi yao wakisema "haitatuua." Walikuwa na utaratibu. Anayesema neno hili akidhani anatetea mila, anaitukana mila yenyewe.

Lakini siwezi kumaliza bila kugeukia upande wa pili. Kuna wakubwa, na hata wenyeji wenzetu, wanaosema kolera inaletwa na wahamiaji "kwa sababu ni wachafu." Huo ni uongo wa tatu, na ni mbaya kuliko yote. Mwezi wa pili 2025 kambi nyingi za kandokando ya Goma, kama Bulengo na Lushagala, zilivunjwa. Familia zilipanda kurudi Masisi na godoro kichwani, na wengi walikuta nyumba zimeanguka. Vyoo na robine za kambi hazikubebeka mgongoni.

Tufanye hesabu. Kipimo kinachokubalika duniani kwa watu waliohama ni angalau lita 15 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu 6 inahitaji lita 90: bidoni nne na nusu za lita 20. Mama mwenye bidoni moja, anayepanga mstari tangu saa kumi ya usiku, ananaweje mikono mara tano? Tunamwambia achemshe maji. Makala atoe wapi, wakati ya kupikia fufu haipo? Mwaka 2023 nchi yetu ilihesabu wagonjwa wa kolera zaidi ya 50,000, na Kivu ya Kaskazini ndiyo ilikuwa na wengi. Je, mkoa mzima ulichafuka ghafla? Hapana. Mkoa ulihamishwa na vita, ukakosa maji.

Kwa hiyo neno "mikrobe haiui Mwafrika" lina faida kwa watu fulani. Linamfaa kila mwenye madaraka ambaye hajaleta klori, hajalinda chemchemi, hajachimba choo. Kama mikrobe haituui, anatudai nini tena? Kila tunapolisema tukicheka, tunamfutia deni.

Tulidai deni hilo. Anayetawala hapa, awe nani, anatudai kodi na salongo. Naye atuoneshe robine. Mashirika yanayoandika majina yetu yaweke klori pale bidoni inapojazwa. Wenye mashamba waache ng'ombe wanywe chini ya chemchemi, si ndani yake. Nasi kwa upande wetu tusijisaidie juu ya maji, tuoshe mikono kwa sabuni, au kwa majivu sabuni ikikosekana, na mgonjwa wa kuhara tumpeleke kituoni saa ileile, si kesho.

Na mtoto akiokota mkate kwenye matope, msicheke. Mpeni mwingine kama upo. Kama haupo, mwambieni ukweli: mikrobe inaua Mwafrika, hasa yule aliyenyimwa maji.